Sahani Nje ya Kioo

Harufu ya manyoya ya kuku yaliyomwagiwa maji ya moto hunipandisha hasira mpaka leo. Hunirudisha kwenye likizo moja ya mwezi wa sita, mbele kidogo ya Mwanhuzi, nyumbani kwa Mama Minza. Baba alikuwa bwana mifugo, mtu wa Tanga aliyehamishiwa Simiyu, na likizo ile alinichukua kila alipokwenda kuchanja ng'ombe vijijini. Vumbi lilitujaa puani, pamba ilikuwa imeanikwa hadi mlangoni, na Minza, binti wa rika langu, alinifundisha kuamkia kwa Kisukuma huku akinicheka.

Siku moja tulikwenda na mkuu wa baba, kwa gari la ofisi. Kazi ilipoisha, Mama Minza alimleta kuku akiwa hai, miguu imefungwa, akampa baba kisu kwa mikono miwili.

"Chinja mwenyewe, baba," alisema. "Nimeuliza, nikaambiwa ninyi hamli mpaka achinje mtu wa dini yenu. Sikutaka nikupikie halafu ukae unatazama."

Hakuna aliyemtuma kuuliza, aliuliza mwenyewe. Baba alikipokea kisu, akasema, "Wabeja, mayu," yaani asante mama, akamlaza kuku kuelekea kibla.

Chakula kilipoiva, mkuu alikuwa ndani ya gari, vioo vimefungwa, injini inanguruma ili kiyoyozi kifanye kazi, anatafuna mkate wake wa mjini. Mama Minza alimpelekea ugali na firigisi, kipande cha mgeni wa heshima. Akapiga magoti vumbini kando ya mlango, sahani mkononi, kama wageni wanavyoandaliwa kule. Yule bwana akapunga mkono kama anayefukuza inzi. Kioo hakikushuka. Mama Minza hakuinuka. Nilitamani jiwe. Jiwe kweli, la kupasua kile kioo.

Baba alikwenda akachuchumaa kando yake. "Nipe mimi, mayu." Akaila firigisi palepale, taratibu, akimtazama mkubwa wake. Hapo ndipo kioo kiliposhuka.

"Panda twende!"

"Bado nakula," baba alijibu.

Gari likaondoka bila sisi. Tulirudi kesho yake kwa baiskeli ya kuazima, na mwaka haukuisha baba akahamishwa. Hakuwahi kusema sababu, nami sikuhitaji kuambiwa.

Siku hizi barabara ni nzuri na wageni ni wengi. Mwezi uliopita nilirudi kule na wenzangu wa kazini, wasomi watupu, hodari wa kuandika kuhusu ukarimu wa vijijini. Walipiga picha za nyumba na ng'ombe, wakajifungia garini kula chakula chao cha kufungashwa. Minza, sasa mama mtu mzima, akatoka jikoni na sahani, akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni mwa gari. Hasira ilinipanda ileile, haijazeeka hata kidogo. Niligonga kioo kwa ngumi mpaka dereva akashtuka.

"Shukeni," niliwaambia. "Kuna mtu amepiga magoti hapa."