Siku Kumi na Tisa za Akili Safi

Kwa siku kumi na tisa Dismas Shivachi hakujua kwamba baba yake amekufa, na kutojua huko kuliusaidia sana mchezo wake wa gofu.

Ikama yake, kibali cha kuishi na kufanya kazi Saudia, ilimtaja kuwa mfanyakazi wa usafi, na haikusema uongo. Katika kilabu kimoja nje ya Riyadh alifuta vumbi kwenye fimbo za watu na kuwabebea mikoba. Walimwuliza shimo liko umbali gani, akawaambia, nao wakapiga kwingine. Kwao Khayega, Kenya, alikuwa amewabebea mikoba watu wa namna hiyohiyo, na jioni, uwanja ukiwa mtupu, aliwashinda wote bila wao kujua.

Kisha bosi akamwambia kuna mtihani Jeddah: mashimo kumi na manane, mapigo yasiyozidi sabini na saba. Akifaulu, ikama itabadilishwa isome mwalimu. Akishindwa, arudie mwaka ujao. Mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi minne.

Mwili ulikuwa kazi rahisi. Alfajiri, juu ya paa la nyumba yao mtaani Al-Shumaisi, alinyoosha mgongo, akasimama kwa mguu mmoja macho yamefungwa, kisha akapandisha mitungi miwili ya maji ghorofa nne.

"Dismas, maji tunayo," alisema Evans, dereva wa lori aliyelala kitanda cha chini yake. "Hii ni mitungi ya saba."

"Nguvu ya gofu iko kiunoni, bro."

"Na ya kufua nguo iko wapi? Maana soksi zako zinatembea zenyewe."

Baada ya miezi miwili mpira ulikuwa ukienda mbali kuliko zamani. Tatizo lilibaki kichwani. Kila alipobakiza mita mbili tu kufikia shimo, alikumbuka nyumbani: paa lililopeperushwa na upepo, karo, kifua cha mzee. Mpira ukapita pembeni kama mtu asiyetaka kusalimia. Akaamua akili isafishwe kama fimbo. Akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia: "Kwa wiki tatu msinitumie habari mbaya. Mtu akiumwa, mpelekeni hospitali. Hata mtu akifa, angojee kwanza." Mwishoni alicheka. Kicheko kilifika Khayega salama, ila hakuna aliyekitilia maanani.

Baba yake, Mzee Shivachi, alikuwa amefuga mafahali wa kupigana maisha yake yote. Fahali wa mapigano hutengwa siku kadhaa kabla ya pambano. Haruhusiwi mgeni kumkaribia, watu hawagombani karibu naye, na kilio cha msiba hakimfikii. Mzee alisikiliza ujumbe ule akiwa kitandani, akauomba tena.

"Huyu mtoto ana akili," akasema. "Mwacheni. Mimi nikienda kabla hajapigana, asisikie."

Siku ya pili akaenda.

Katika familia nyingine pangekuwa na kikao. Katika hii, neno la mwisho la mzee lilikuwa limeshatoka. Mirriam, dada yake Dismas, akampigia Evans simu.

"Usimwambie."

"Mirriam, huyu ni baba yake."

"Na hilo ni neno la baba yake. Unataka kulivunja wewe?"

Evans hakutaka kulivunja. Mwili ulikaa mochari siku kumi, kana kwamba bado kuna anayesubiriwa, kisha ukazikwa Jumamosi. Shemeji yake Dismas alishika kamba ya fahali mbele ya jeneza, mahali pake Dismas, mwana wa kwanza. Jumamosi hiyohiyo Dismas alisukuma mipira arobaini ya mita mbili, yote arobaini ikaingia. Akafurahi, akawanunulia wenzake soda. Evans aliinywa ya kwake mpaka tone la mwisho.

Wiki iliyofuata Evans alikuwa na shehena ya matairi kutoka maghala ya Al-Sulay kwenda Jeddah, akampa Dismas nafasi. Walisafiri kutwa nzima.

"Unajua, nyumbani wametulia kabisa," Dismas alisema walipopita Taif. "Hata mzee hajatuma salamu. Nilidhani wataona nimejifanya mzungu."

"Wanakupenda, buda."

"Mbona umenyamaza hivyo? Yaani leo hata redio huitukani."

"Naangalia barabara."

"Barabara imenyooka tangu saa mbili, Evans!"

Evans akaendelea kuiangalia.

Asubuhi, baada ya kulala kwa rafiki katika mtaa wa Karantina, Evans alimshusha langoni pa uwanja. Dismas alicheza kama hajawahi kucheza. Miguu haikuchoka, kiuno kilizunguka vizuri, na alipokosea alisahau kabla mpira haujasimama. Shimo la mwisho lilimkuta na mapigo sabini na sita na mita moja na nusu. Akavuta pumzi, akaitoa polepole. Kichwani hamkuwa na mtu hata mmoja.

Mpira ukaingia.

Evans alimngoja kando ya lori, kofia mkononi.

"Sabini na saba!" Dismas alipaza sauti kutoka mbali. "Sabini na saba kamili, we mzee wa matairi!"

"Hongera. Dismas, kaa chini kidogo."

Hakukaa. Evans akamwambia wakiwa wamesimama: siku aliyofariki mzee, siku aliyozikwa, nani alishika kamba. Dismas alisikiliza huku bado ameshika karatasi ya alama.

"Nani alisema nisiambiwe?"

"Mzee." Evans akakohoa. "Lakini wa kwanza ulikuwa wewe, ndugu yangu."

Dismas akapiga simu nyumbani. Mirriam aliipokea kabla haijalia mara mbili, na hakusalimu.

"Umefaulu?"

Nyuma yake nyumba yote ilikuwa ikisikiliza. Dismas aliona kwamba kuna jibu moja tu ambalo dada yake angeweza kulibeba, na kwa bahati lilikuwa pia la kweli.

"Nimefaulu."

Hapo Mirriam akalia, kilio cha siku kumi na tisa, na Dismas akakisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea tairi la lori lililokuwa limechomwa na jua. Kisha mama akaomba simu, akamwuliza kama amekula. Alikuwa bado hajala.