Kufunga Kavu Wakati wa Joto

Mimi sikai mahali pamoja. Niliacha shule mapema, na tangu hapo nimeosha mawe ya shaba migodini Kakanda, nimefyatua matofali upande wa Buluo, na msimu ule wa joto nilikuwa nasukuma makala. Makala ni mkaa. Unafunga magunia kwenye kinga, yaani baisikeli, unachomeka fimbo ndefu kwenye usukani, kisha unasukuma kutoka porini hadi soko la Kikula mjini. Huipandi. Kwenye vilima ni kama yenyewe inakupanda wewe.

Mvua ilikuwa inakuja alasiri, inanyesha kidogo, inaondoka. Baada yake ardhi ilitoa mvuke na hewa ikatulalia kama blanketi lililolowa. Jasho lilitiririka bila kukauka, wala halikupoza kitu. Usiku nilijigeuza, sikulala. Alfajiri nilikuwa namgongea mlango mwenzangu niliyesukuma naye, tuondoke kabla jua halijapata nguvu, na tulipofika kilima cha kwanza nilikuwa nimeshamaliza nusu ya kidumu changu cha maji.

Yeye hakunywa. Yeye na mke wake ni watu wa kanisa la maombi, na walikuwa wamekaa miaka mingi kwenye ndoa bila mtoto. Aliweka nadhiri ya kufunga kavu, bila chakula wala maji, mpaka Jumapili, ili mke wake apate mimba. Wengi kwetu hufunga hivyo, lakini hufunga wakiwa wamekaa chini ya paa. Huyu alifunga huku anasukuma.

"Yaya, kunywa kidogo," nilimwambia, kama unavyomwita kaka mkubwa. "Hapa mu kilima hakuna mwenye atakuona."

"Ni hapa njo Mungu anaonaka muzuri," akajibu. "Weye Mukatolike unaacha nyama Ijumaa moja, unasema umefunga."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa; tulishusha magunia mchana, akaenda moja kwa moja nyumbani. Alitembea kama mtu anayetafuta ardhi kwa miguu. Nilimfuata, nikiwa na wasiwasi kidogo na hamu kubwa ya kuona maombi yao. Akina mama wa kikundi cha maombi cha kanisa lao walikuwa wamejaa uani kwake chini ya turubai. Aliingia katikati yao, akapiga magoti, akaanza kusema maneno yasiyoshikana.

"Roho ameshuka," akasema mama mkubwa, kiongozi wa kikundi. "Anasema na luga." Alimaanisha kunena kwa lugha, kipawa cha Roho.

Wakampigia makofi, wakamzunguka, wakaimba kwa nguvu zaidi. Mke wake alilia kwa furaha. Mimi sikutulia. Nilihama kona hadi kona nikimtazama. Sisi wote tulikuwa tumelowa jasho. Shati lake lilikuwa kavu, lina mistari myeupe ya chumvi. Nikapenya, nikamshika shingo. Ilikuwa na moto kama sufuria. Kakanda niliwahi kumwona mwosha mawe akianguka hivyo hivyo, ngozi kavu, maneno yamepotea.

"Shemeki," nikamwambia mke wake, "haiko luga. Ni joto. Tukiendelea kuimba, atakufa."

"Toka," akasema mama mkubwa. "Shetani anatumaka bantu kama weye kuvunja mufungo."

"Sisemi anywe, mama. Tumumwangie mayi ku mwili. Mufungo wake iko mu kinywa."

Mke wake alimtazama mama mkubwa, akanitazama mimi. Kisha akaenda kuchukua ndoo.

Tulimvuta hadi kivulini kando ya ukuta, penye upepo kidogo. Tukamvua shati, tukammwagia maji, tukamwekea vitambaa vilivyolowa shingoni na kwapani. Mama mkubwa mwenyewe alishika katoni akampepea. Mmoja alitaka kummiminia maji mdomoni, nikamzuia, maana mtu asiyejua alipo anaweza kupaliwa. Nikakimbia barabarani kutafuta pikipiki. Mke wake alipanda nyuma, akamkumbatia asianguke, maji yakiwachuruzika wote wawili, nami nikawafuata mbio.

Kwenye kituo cha afya muuguzi aliendelea na vitambaa, akamtundikia seramu, yaani dripu. Mimi nilizunguka uani mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Kabla ya magharibi mwenzangu alitutambua. Muuguzi akampa kikombe cha maji yenye sukari na chumvi kidogo. Mwenzangu akafunga midomo.

"Nimefunga," akasema. "Jumapili bado."

"Ulifunga juu ya nani?" mke wake akamuuliza.

"Juu yako, upate mimba."

"Basi minye mwenyewe njo nakuachilia. Mutoto akikuja akute baba haiko, nitamuambia nini?"

"Na nadhiri?"

"Nitaifunga minye. Mu nyumba, nimekaa. Na mayi nitakunywa."

Mwenzangu akapokea kikombe. Kisha akanywa, kidogo kidogo, uso umekunjwa kama mtoto anayepewa dawa.

Alipopona tulisukuma alfajiri tu, na jua likipanda tulilala chini ya miti hadi likapungua. Kama walipata mtoto, sijui. Joto lilipovunjika miguu ilianza tena kutaka safari, nikamuaga. Aliniuliza naenda wapi, nikasema bado sijajua. Akachukua kidumu chake, akakijaza maji, akakifunga kwenye fimbo ya kinga yangu, akalijaribu fundo, akalikaza tena.