Changa, Shemeji

Mwaka wa sitini na moja, Likoni ilikuwa na wasemaji wengi na mwalimu mmoja tu wa kike wa sayansi, Bi Zubeda. Hakuwa mpole. Ukimwuliza swali la kijinga alikujibu, ila jibu lilikuwa na mwiba.

Mdogo wake, Tima, alipojifungua, mtoto alitoka mweupe pe, nywele za singa, na wazazi weusi wote wawili. Majirani wakaguna. Stambuli, mumewe, akahamia kwa mamake, aliyekuwa akimtia maneno, akaapa kwamba siku ya akika hatakwenda kumpa mtoto jina, na talaka itafuata. Tima alilia mpaka maziwa yakataka kukauka. Zubeda roho ilimuuma. Akamfuata shemejiye barazani, alikokuwa akicheza karata. Likoni nzima hakuna aliyemshinda kwa kuzichanga, kuzichanganya zisijulikane ipi iko wapi.

"Chukua kopa tupu za jozi mbili za karata, moja ya mgongo mwekundu, moja ya mgongo wa buluu," Zubeda alisema. "Nyekundu ni urithi wa mamako, buluu ni wa babako. Changa, shemeji."

Stambuli akachanga.

"Sasa mtolee mwanao nusu. Ree moja, mbili moja, tatu moja, mpaka mwisho. Yoyote itakayotangulia."

Ree ikatoka nyekundu, mbili buluu, tatu buluu.

"Changa tena, umtolee mwengine."

Zikatoka vyengine kabisa.

"Ndivyo mwili ufanyavyo kila utengezapo mbegu. Tena wakushinda ufundi: nyuzi za urithi hushikana mbili mbili, zikabadilishana vipande, ndipo zikaachana. Tima naye achanga zake. Nusu yako, nusu yake, na yaliyojificha kwa mababu hutokeza. Wadhani mtoto huitwa mchanga bure?"

Wachezaji wakaangua kicheko. Stambuli hakucheka.

"Na kama si wangu?"

Zubeda angeweza kumwapia, mambo yakaisha. Hakutaka, na kwa hilo mwanamke yule astahili kuvuliwa kofia.

"Karata haziapi, shemeji. Zakwambia rangi si ushahidi. Una ushahidi mwengine?"

Stambuli akazikusanya karata, akazichanga tena.

Siku ya akika mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa Stambuli alipoingia. Alimwomba Tima radhi mbele ya watu, kisha akampakata mtoto. Wakamwuliza jina.

"Mwanarusi."

Mamake Stambuli, aliyekuwa amekaa mlangoni uso kaukunja, alilisikia jina lake mwenyewe. Akanyosha mikono.

"Nipani mjukuu wangu," alisema.