Bosi wangu na "just kidding" zake, mpaka bibi wa Nyamahanga alipodai tafsiri

Wakuu, habari za humu ndani. Mimi ni msomaji wa kimya, huwa nasoma visa vyenu na kuondoka. Leo natoa cha kwangu. Hii siyo chai, mwenye kutaka kuamini aamini.

Mimi ni Mhangaza, kwetu Nyamiaga. Mama yangu ni Msukuma, kwa hiyo Kisukuma nakiongea kama maji. Hicho ndicho kilinipa kazi ya ukalimani kwenye mradi mmoja wa maji ya mifugo upande wa Biharamulo. Kule wazee wengi walihamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, na Kiswahili chao ni cha kuombea maji tu.

Bosi nimwite Meshaki, siyo jina lake. Alitoka Dar na begi moja la nguo, mizigo mingine yote ilikuwa Kiingereza.

Jamaa alikuwa na neno la Kiingereza kwa kila aina ya dharau.

Akikusema mkiwa wawili watatu, hiyo ni teasing. Akikusema mbele ya ofisi nzima, banter. Wakija wageni wa makao makuu akakusema mbele yao, hapo umefanyiwa roasting, na unatakiwa ujisikie umeheshimiwa.

Ukinuna, huna sense of humour. Ukikaribia kulia, just kidding.

Yaani mtu anakukanyaga, halafu anashangaa mguu wako umefikaje chini ya kiatu chake.

Sisi wa huku l na r zinatuchanganya, sikatai. Wiki ya kwanza nilimuaga kwamba naenda kura. Akaniuliza nampigia nani. Nilicheka kweli, maana ilikuwa nzuri. Shida ni kwamba hakuwa na nyingine. Kila mchana nikisimama tu, ofisi nzima inageuka kusubiri. Mwisho nikawa natoka bila kuaga, kama mwizi.

Tukienda vijijini ndiyo usiseme. Anawatania wazee kwa Kiingereza, wenzangu wanacheka kwa sababu mikataba yao anaisaini yeye. Wazee wananigeukia, amesema nini? Mimi najibu, anasema amefurahi kuwaona.

Nyamahanga, kijiji tulichokuwa tunaenda zaidi, nzima ilikuwa inaamini bosi wetu ana furaha isiyo ya kawaida.

Sasa tukafika kwenye suala la lambo, bwawa la kunyweshea mifugo pale Nyamahanga. Sehemu nzuri ya kuchimba ilikuwa bondeni, kwenye eneo la bibi mmoja mjane, Bibi Milembe. Alishakubali kulitoa, kwa sababu kiangazi ng'ombe wa kijiji kizima walikuwa wanatembezwa mbali mno. Ilibaki aseme tu mbele ya mkutano, tuanze kazi.

Akaja amevaa koti la marehemu mumewe na mabuti ya mvua. Ametoka zizini moja kwa moja.

Bosi akamwangalia, akawageukia wenzangu, akasema kwa Kiingereza kwamba huyu naye kaja na ng'ombe au ni mmoja wao. Kicheko. Kisha, just kidding.

Bibi akaniuliza kwa Kisukuma wamecheka nini.

Wakuu, mdomo ulishafunguka kusema amefurahi kukuona. Nikamtazama yule mama na koti la mumewe, ile sentensi ikagoma. Nikamtafsiria yote, neno kwa neno. Nikamalizia kwamba anasema ni utani.

Bibi hakupandisha sauti. Akaniuliza, "Utani wa wapi? Mimi ni bibi yake, au ni shemeji yake?"

Nikamfikishia bosi. Bosi akashtuka kidogo, kisha akatabasamu, akaniambia nimweleze kuwa anamchangamsha tu.

Bibi akasema sawa, kama ni utani basi na yeye ana zamu yake. Akamwangalia bosi toka juu hadi chini.

"Mwambie hivi. Ng'ombe wangu akiwa na tumbo kama hilo, huwa tunamwandalia ndama mahali pa kulala."

Kijiji kiliangua kicheko ambacho sijawahi kusikia. Dereva wetu alijificha nyuma ya gari. Nikatafsiri, kwa adabu zote.

Bosi hakucheka. Alisema hiyo ni dharau, yeye ni kiongozi, hawezi kuzungumziwa hivyo. Akaamuru tuondoke. Bibi naye akatangaza kwamba eneo lake halitoi kwa mtu anayetukana halafu akitukanwa anakasirika.

Kwenye gari bosi aliniita mchonganishi. Nikamwambia kazi yangu ni kutafsiri. Akasema, "Ile hukutakiwa kuitafsiri."

Mkataba wangu ulipoisha hakuuongeza. Naona mnauliza kama yeye alifukuzwa. Hapana wakuu, alipandishwa cheo, yuko mkoa mwingine anawachangamsha wengine. Aliyemrithi alikuwa dada mmoja mtulivu. Alifika, akapiga magoti kidogo, akatoa shikamoo, akaomba upya. Bibi akatoa eneo.

Mimi sasa nauza vipuri vya pikipiki Lusahunga. Lambo lilipojaa nilienda kuliangalia. Bibi Milembe akaniona, akanikalisha, akaniwekea ugali na maziwa ya mgando. Akasema kuanzia leo mimi ni mjukuu wake. Halafu akaanza: eti nimekonda mpaka nguo zinanivaa mimi, ndiyo maana hakuna binti anayenitaka.

Nikamjibu kwamba nasubiri yeye aolewe kwanza.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Bosi nilikaa naye miezi mingi, sikuwahi kupewa zamu yangu. Yule bibi alinipa kabla ugali haujapoa.

Nilichojifunza: kabla hujamtania mtu, jiulize kama anaruhusiwa kukujibu. Kama haruhusiwi, hayo ni matusi hata ukiyapaka Kiingereza.

Haya, na nyie mliokaa na mabosi wa aina hii, wenu walikuwa wanatumia neno gani? Na wale mtakaosema nilikosea kutafsiri, njooni pia, nawasikiliza.