Neno Lililobaki Kwenye Kadi

Kadi za harusi ndizo zinazonilisha hapa Base Camp, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Krismasi natengeneza za Krismasi, Idi natengeneza za Idi, lakini harusi hazina msimu. Watu wanapendana hata kwenye vumbi hili. Nabuni kwenye kompyuta ambayo herufi K lazima uigonge kwa hasira, kisha napeleka kazi mjini Mbarara kuchapwa. Mteja akiniambia niweke maua mengi, namwekea machache mazuri, na akilalamika namwonyesha mlango. Sijawahi kuwa mtu mpole kazini.

Siku ninayoisimulia ukali wote uliniishia. Niliogopa tangu asubuhi mpaka alasiri.

Mteja alikuwa Mganda, mke wa askari, anayekaa na watoto wake kwenye kambi ya jeshi mjini Mbarara. Binti yake mkubwa alikuwa anaolewa. Mumewe alikuwa ametumwa kazi nje ya nchi, kule kunakopiganwa, na angerudi kwa likizo siku chache kabla ya harusi. Mama huyo alitaka kadi ziandikwe kwa Kiswahili, kwa sababu askari wanaofanya kazi na mumewe wanatoka kila kabila na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha.

Kosa lilianzia kwenye namna yangu ya kufanya kazi. Sianzi kadi upya kila mara. Ninayo moja ninayoiita kadi-mama: mpangilio uko tayari, natoa majina ya watu wa jana, naweka ya watu wa leo. Na kwenye kadi-mama hiyo, mbele ya jina la baba, neno "Marehemu" lilikuwa limekaa siku zote. Wateja wangu wengi ni Wakongo na Warundi, na wengi wao baba hayupo tena. Ilikuwa rahisi kulifuta kwa yule mmoja mwenye baba kuliko kuliandika kwa wale wengine wote. Nililizoea, hata macho yangu yakawa hayalioni.

Kadi zile nilizikagua mara tatu. Nilikagua tarehe, kanisa, ukumbi, na majina ya Kinyankore ambayo hunitoa jasho. Mama mwenyewe, nilipomtumia picha kwenye simu, alishughulika na rangi ya utepe tu. Tukakutana Mbarara kwenye duka la uchapaji, akachukua boksi lake, akapanda boda akaenda zake anacheka.

Mimi nikapitia kwa mama mmoja wa Kiislamu ninayenunua kwake utepe na bahasha. Huwa nabaki na kadi moja ya kuonyesha wateja wengine, nikampa aione. Akaisoma taratibu, kisha akasema, "Inna lillahi. Kumbe baba wa bibi harusi alishafariki?"

Nikamnyang'anya. Neno lilikuwepo, kwa herufi za dhahabu nilizozichagua mwenyewe.

Nilimpigia simu yule mama, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikawa inatumika. Mwenye duka akaniletea kiti, lakini sikukaa.

Kwenda kwenye lango la kambi ya jeshi si jambo dogo kwa mtu kama mimi. Huko Kongo nguo za jeshi zilikuja nyumbani kwetu mara moja, na mara moja ilitosha. Mpaka leo nikiona askari anakuja nahamia upande wa pili wa barabara, hata akiwa amebeba mkate. Nilimwambia wa boda anishushe mbali, nikatembea iliyobaki, mikono nikiiacha ionekane.

"Simama hapo! Unatafuta nani?" mlinzi akaniuliza.

"Afande, niko natafuta mama moja, wa kadi za ndoa."

"Leta kitambulisho."

Nikampa kile cha ukimbizi. Alikuwa bado anakigeuzageuza nilipomwona yule mama akija kutoka kwenye nyumba za askari, miguu peku, kadi mkononi. Nilitegemea matusi. Hata kofi nilikuwa tayari kulipokea. Badala yake alinishika mikono yote miwili, akaniuliza polepole, "Nani alikuambia?"

Sikuelewa.

"Nyinyi watu ya Nakivale munasikia mambo mbele yetu. Mimi sitalia. Sema tu. Nani alikuambia bwana yangu amekufa?"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kofi ningelivumilia.

"Mama, hapana mutu alinielezaka. Ni mimi njo nilikosa. Ile neno ilikuwaka mule mbele, nikasahau kuifuta. Kwetu baba mingi balikufaka, njo maana."

"Unanificha."

"Siko nakuficha, mama. Naapa."

"Sasa mbona simu yake haiingii?"

Alikuwa amempigia tangu alipoliona neno lile. Mlinzi, ambaye sasa alikuwa amesahau kitambulisho changu mkononi mwake, akatuonyesha benchi. Tukakaa. Mama alipiga, akapiga, akapiga. Nilimwomba Mungu, na wala si kwa ajili yake. Niliomba yule mtu awe hai ili nisiwe mimi niliyemwandikia kifo. Wazo baya lilikuwa limeniingia: je, kama kosa langu ni kweli, na kadi imetangulia tu kufika?

Jua lilikuwa limehama kutoka kwenye magoti yetu simu ilipolia. Mama aliitazama tu.

"Shika, mama," mlinzi akasema.

Akashika. Nikasikia sauti ya mwanamume, kisha mama akaanza kulia na kumgombeza kwa Kinyankore, vyote kwa pamoja. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, mbele ya bunduki ya mlinzi. Tukakubaliana kwamba nitachapa nyingine na zile zichomwe, hata zile chache alizokuwa ameshagawa kwa majirani. Halafu akaniwekea simu sikioni.

"Ni wewe umeniua bila amri?" mumewe akasema, anacheka.

Nikamwomba msamaha, nikamweleza habari ya kadi-mama na kwa nini neno lile hukaa pale. Akaacha kucheka.

"Na wewe, baba yako iko?"

Mimi niliolewa bila kadi. Watu waliitwa kwa mdomo, na wananitania mpaka leo kwamba fundi wa kadi alikuwa bahili. Ukweli ni kwamba nilikaa kuitengeneza, nikafika kwenye mstari wa baba, nikashindwa kuamua niliweke lile neno au niliache. Tulipotezana naye tukikimbia, na hakuna aliyewahi kuniletea habari yake, nzuri wala mbaya.

"Sijue, afande," nikasema.

"Basi hiyo neno," akasema, "usiweke bado."