Kengele ya Zamu

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi dukani, tuliishi kwenye landhi, zile nyumba za mstari za wafanyakazi wa reli, upande wa juu wa Molo, karibu kabisa na stesheni ambayo treni za abiria zilikuwa zimeshaacha kusimama. Babu alitoka Magharibi akiwa kijana, akafanya kazi ya kubadilisha njia za treni mpaka akastaafu, kisha akafa. Alituachia vyumba viwili vya mawe, koti zito la kazi, na bibi yetu, ambaye tulimwita Kukhu. Mama alikuwa Nairobi akitafuta riziki. Nyumbani tulikuwa watatu: Kukhu, mimi wa miaka minane, na dada yangu Nekesa wa miaka kumi na mmoja.

Kengele ya stesheni ile haikuwa kengele kama ya kanisa. Ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya kwenye boriti ya baraza ya abiria, na bolti nene ya kukigongea ilikaa juu ya ukuta. Zamani kiligongwa ili watu wajue treni inakuja. Siku zetu hakikuwa na kazi, lakini hakuna mtu wa landhi aliyethubutu kukigusa.

Ilisemekana kwamba mbadilisha njia mmoja wa zamani aligongwa na treni akiwa kazini, kabla mwenzake hajafika kumpokea zamu. Kwa hiyo zamu yake haijaisha mpaka leo. Kengele ikilia na treni hakuna, ni yeye anaita mtu aje ampokee. Ukiitika, ukitoka nje, hata ukichungulia tu, umeipokea, na zamu hiyo hairudishwi. Dawa ni moja: funga mlango, mwaga jivu kizingitini, nyamaza mpaka achoke. Msinicheke. Ni imani ya watu wa reli, watu waliojua uchungu wa kusimama kwenye baridi ya milima ya Mau ukimngoja mwenzako ambaye saa yake imepita. Upepo ukikitikisa kile chuma, landhi nzima ilijifungia, nasi watoto tulifurahi kidogo kwa sababu hakuna aliyetutuma kuosha vyombo.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, Kukhu alimpa Nekesa debe dogo la mahindi apeleke kusagwa posho mill, ng'ambo ya reli, karibu na kwa shangazi yetu.

"Pitia barabara kubwa," alimwambia. "Sitaki kusikia umekanyaga stesheni."

"Sawa, Kukhu."

Nilimsindikiza mpaka mwisho wa landhi. Pale akatazama nyuma, akaona Kukhu ameshaingia ndani, akakunja kushoto kwenye kijia cha stesheni. Kilikuwa kifupi, na debe lilikuwa zito.

"Usiniseme," akaniambia. "Nitakuletea andazi la shangazi."

Mimi na andazi! Nikaapa kwa kidole.

Saa tisa ikaja mvua ya mawe. Wanaoijua Mau wanaijua mvua hiyo: mabati yanapiga kelele mpaka mtu aliye karibu nawe humsikii, na viazi shambani vinabaki mashina matupu. Ilipoisha, nje kulikuwa kweupe na kimya, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye milango. Ndipo tuliposikia kengele.

Ililia mara mbili. Ikanyamaza. Ikalia mara moja.

Kukhu alichota jivu jikoni kwa kibati, akalimwaga kizingitini, akapiga komeo. Nikasikia makomeo ya majirani yakifuata, mlango baada ya mlango, mpaka mwisho wa landhi. Alinivuta karibu, akanifunika koti la babu. Kengele ikalia tena vilevile. Mbili, kimya, moja.

Sasa niseme jambo ambalo kwa miaka mingi sikulisema. Nekesa hakujua kubisha mlango kama watu wengine. Alikuwa anagonga mara mbili, ananyamaza, anagonga moja, hata mlango wa choo. Nilikuwa nimemtania kwa hilo asubuhi hiyohiyo.

"Kukhu," nikasema.

"Nyamaza. Hiyo haituhusu."

"Na Nekesa?"

"Nekesa ako kwa shangazi yako. Na mvua kama hii, atalala huko. Shangazi yako ako na akili."

Angekuwa amepitia barabara kubwa, Kukhu angekuwa amesema kweli. Mimi nilijua alipopita. Niliujua ule ugongaji wake wa mlango. Lakini niliogopa fimbo, niliogopa kuvunja kiapo, na zaidi ya yote niliogopa yule mtu wa zamu, kwa sababu ilinijia akilini kwamba mzimu mjanja angeweza kugonga kama dada yako ili akutoe ndani. Mtoto wa miaka minane ana hoja zake. Nikafunga mdomo, nikaingiza kichwa ndani ya koti lililonuka grisi na tumbaku.

Kengele iliendelea kulia mpaka giza lilipoanza kuingia. Ile mbili na moja ikapotea, ikawa inalia moja moja, kila mlio ukichelewa kuliko uliotangulia. Mwishowe ikanyamaza.

"Amechoka," Kukhu akasema. "Ameenda." Akamshukuru Mungu kwa sauti, nami nikaitikia amina.

Asubuhi mapema mlango ukabishwa. Alikuwa Mzee Koech, mkulima wa viazi wa upande wa pili wa bonde, gambuti zake zimejaa tope mpaka juu. Hakusalimu.

"Mama, nyinyi hamkusikia kengele jana?"

"Tulisikia," Kukhu akasema.

"Na hamkuenda?"

Mzee Koech alikuwa ameisikia kutoka kwake. Alitoka mbio akakuta mto umejaa, hauvukiki. Akarudi nyumbani, akajiambia si neno, kuna watu pale karibu. Maji yalipopungua alfajiri, akavuka. Mvua ya mawe ilikuwa imeangusha paa la baraza, na boriti ilikuwa imeshuka upande mmoja, imelala juu ya miguu ya mtoto. Kipande cha reli kilining'inia karibu na mkono wake. Bolti alikuwa bado ameishika. Unga ulikuwa umemwagika pembeni, umelowa ukawa kama uji.

"Nimemfunika na sweta yangu," alisema. "Chini ya kwapa alikuwa bado na joto." Hakujua anamwambia nani. Alikuwa amekuja mlango wa kwanza tu.

Kwenye matanga, nilimsikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwenzake akaguna kukubali. Tangu siku ile siwezi kuvumilia methali hiyo. Mwalimu akiiandika ubaoni nilikuwa naomba ruhusa ya kutoka. Wengine walisema mtu wa zamu sasa amepata wa kumpokea, kwa hiyo kengele haitalia tena. Walisema Kukhu alionya, na onyo likatimia.

Ni kweli lilitimia. Kengele ililia na mtu akachukuliwa, kama tulivyoambiwa siku zote. Tulilitimiza wenyewe, kwa makomeo na jivu.

Kukhu hakuwahi kuizungumzia siku ile, wala sikumsikia tena akitaja zamu. Ila tangu hapo hakufunga mlango. Huko kwetu baridi ya usiku inagandisha maji ndani ya karai, lakini yeye alilala mlango ukiwa wazi, amevaa koti la babu. Majirani walisema amechanganyikiwa. Mama alirudi, akamsihi, akachoka. Kukhu alikufa nikiwa sekondari, na tulipoamka mlango ulikuwa wazi. Sikuwahi kumwambia kwamba niliutambua ugongaji ule. Nilijidanganya kwamba namhurumia. Kusema kweli nilimwachia mzigo wote abebe peke yake.

Mwaka huu watu wa urithi wa kaunti wamekuja kuitengeneza stesheni. Wameezeka paa, wamesugua mawe, na kipande cha reli wamekipaka rangi nyeusi na kukining'iniza mahali pake. Msichana mmoja wao, Chebet, aliambiwa mimi ni mtu wa zamani wa hapa, akanipigia simu, nikapanda kutoka Nakuru.

"Auntie, nasikia kuna stori ya mzimu hapa," aliniambia, kalamu tayari. "Tunataka kuiandika kwa ubao. Wageni wanapenda sana vitu kama hizo."

Nikampa yote, mzimu na jivu, kisha nikampa Nekesa. Alipofika kwenye joto la kwapa aliacha kuandika.

"Sasa niandike nini?" akauliza.

"Andika jina lake. Na uandike kwamba tulisikia."

Chebet akanyoosha mkono juu ya ukuta, akachukua bolti, akanipa. Nadhani alitaka tu kunifanyia heshima. Nikagonga mara mbili, nikanyamaza, nikagonga moja.

Landhi siku hizi zimekaliwa na watu wengine, waliokuja kutoka kila upande, ambao hakuna aliyewaambia habari ya zamu. Mlango wa kwetu wa zamani ukafunguliwa kwa kishindo. Akatoka mwanamke mwenye unga mikononi, anakimbia bila viatu, akipiga kelele kutoka mbali.

"Kuna nini? Nani ameumia?"

"Hakuna, mathe," nikamwambia. "Tunajaribu kengele tu."

Akacheka, akajifuta mikono kwenye leso, akarudi kwa ugali wake. Alikuwa amefika kabla chuma hakijaacha kutetemeka.