Samaki wa Maji ya Kisima

Wiki iliyopita, kwenye duka la samaki wa urembo mjini Kahama, mama mmoja alimpa muuzaji chupa ya maji ya kisima chake. Samaki wake wa kwanza walikufa wote, na mumewe, aliyeumia mgongo mgodini, anashinda kitandani akitazama tangi tupu.

Muuzaji akachovya karatasi ya kupimia, ikageuka rangi.

"Maji yako magumu, mama, yana madini mengi. Hawa wa njano wa Ziwa Tanganyika watayapenda."

"Mume wangu, Baba Kulwa, anataka wale wa bluu."

"Wa bluu watakufa tena."

Mama akawageukia wa njano. "Basi nipe watakaoishi."

Muuzaji akawatia wa njano kwenye mfuko wa maji, na mama akauinua kwenye mwanga. Samaki wakaelea taratibu mbele ya uso wake, naye akatabasamu kama anayeota.

Mimi niliingia pale kukwepa jua tu, nikisubiri basi. Basi likaondoka, nami bado natazama.